Mashahidi wa Soluch: Siku Libya Inapomkumbuka Mwalimu wa Chuo



Wasomaji wetu wapenzi, wiki hii twawaomba mtoke nasi kidogo katika mwambao wetu, twende hadi kaskazini mwa bara hili la Afrika. Tarehe 16 Septemba kila mwaka, nchi ya Libya hufunga afisi zake na kuadhimisha Siku ya Mashahidi. Tarehe hiyo ina sababu yake. Ni siku ambayo, mwaka 1931, sawa na mwaka 1350 wa Hijria, mzee wa takriban miaka 70 aliyeitwa Omar al-Mukhtar alinyongwa na serikali ya Kitaliano katika kambi ya Soluch, kusini mwa mji wa Benghazi, mbele ya watu wapatao 20,000 waliokusanywa kwa nguvu ili wamtazame akifa.

Wengi wetu twalijua jina hili kwa filamu, na picha ya mzee huyo, ndevu nyeupe na minyororo mikononi, huzunguka katika simu za vijana wetu kila ifikapo Septemba. Kina mama kadhaa wametuuliza: mzee huyu ni nani, na je, ni kheri au ni shari kwa mtoto wangu kumpenda? Swali hilo si dogo. Pwani yetu imewahi kupoteza vijana walioitwa na watu wenye picha nzuri na maneno matamu, wakaenda na wasirudi, na mama zao hata leo hawajui pa kuwaombea dua. Kwa hivyo hatuwezi kulijibu swali hili kwa mzaha wala kwa haraka.

Jibu letu ni kwamba ni kheri, lakini kwa sharti moja: mtoto asimuliwe kisa chote, asipewe picha peke yake. Na kisa chote hakianzi kwenye bunduki, wala hakimaliziki kwenye kitanzi.

Yatima aliyelelewa chuoni

Omar al-Mukhtar alizaliwa mashariki mwa Libya, katika nchi iitwayo Barqa, takriban mwaka 1858. Wengine husema miaka michache baadaye. Baba yake alifariki akiwa safarini kwenda Makka kuhiji, naye Omar akabaki yatima angali mdogo. Hakutupwa. Alichukuliwa yeye na ndugu yake, wakalelewa na masheikh wa ukoo wa al-Ghariyani kama watoto wa nyumba ile. Akasoma Qur'ani katika zawiya ya kwao, kisha akapelekwa Jaghbub, chemchemi ya jangwani karibu na mpaka wa Misri, ambako ndugu wa tarika ya Sanusiyya walikuwa na chuo chao kikubwa. Huko alikaa miaka 8 akisoma.

Alipotoka hapo hakuwa jemadari. Alikuwa mwalimu. Viongozi wa Sanusiyya walimpa zawiya ya al-Qusur aisimamie, na kazi ya sheikh wa zawiya, kwa asiyejua, ni kazi inayofanana sana na ile ya maalim wa chuo huku kwetu, ila ni pana zaidi. Huwasomesha watoto, husalisha, hupokea wageni na wasafiri, huangalia mashamba ya wakfu, na husuluhisha makabila yanapogombea kisima au malisho. Mtu huyu alipatanisha watu kwa miaka mingi kabla hajaongoza vita. Alikuwa ameshapita umri wa miaka 50 Waitaliano walipotua katika pwani ya Libya mwaka 1911.

Twaomba wazazi walitie akilini jambo hili. Mtoto akiuliza shujaa hutengenezwa vipi, mwonyesheni nyumba iliyomfungulia yatima mlango. Majina ya wanawake waliompikia na kumfulia yatima yule hayakuandikwa vitabuni, lakini kazi yao ndiyo iliyotangulia kazi nyingine zote.

Miaka 20 mlimani

Dola ya Italia ilitangaza vita na dola ya Uthmani mwezi Septemba 1911, ikaivamia Libya ili iwe koloni lake. Mwaka uliofuata Waturuki walifanya mapatano wakaondoka, na wenyeji wakaachwa peke yao. Vita vikaja kwa vipindi, mara vikali, mara vya kupumua. Alipochukua madaraka Mussolini huko Roma mwaka 1922, mapatano yaliyokuwapo na Sanusiyya yakavunjwa. Kiongozi wa tarika, Sayyid Idris, akaenda Misri, na mambo ya vita katika Jabal al-Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, yakabaki mikononi mwa Omar al-Mukhtar kwa niaba yake.

Mpangilio wake ulikuwa wa busara. Kila kabila lilitoa watu wake, mifugo yake na zaka yake. Wapiganaji walikuwa wachache, pengine mia kadhaa au elfu chache kwa wakati mmoja, lakini aliyeuawa alishikiwa nafasi na ndugu yake. Walishambulia misafara ya askari kisha wakapotea mabondeni. Dola yenye ndege, magari ya vita na mizinga ilishindwa kuwamaliza kwa miaka 20.

Mwezi Juni 1929, Mukhtar aliketi na Gavana Badoglio mahali paitwapo Sidi Rahuma kuzungumza sulhu, na mapigano yakasimama kwa miezi kadhaa. Sulhu ile ilivunjika kabla ya mwaka kwisha, kwa kuwa kila upande uliielewa kwa namna yake. Lakini aliketi. Mtu aliyepiganwa naye miaka 18 hakuona aibu kukaa mkekani na adui yake akitafuta njia ya kusitisha damu.

Adui alipoigeukia nyumba

Sasa twafika mahali ambapo twawaomba hasa kina mama watusikilize, kwa kuwa hapa ndipo picha za simuni hunyamaza.

Mwaka 1930 aliletwa Jenerali Rodolfo Graziani kuwa naibu gavana wa Barqa. Alitazama vita vile akafahamu jambo ambalo waliomtangulia hawakulizingatia: kwamba nguvu ya Mukhtar haikuwa katika bunduki za mlimani. Ilikuwa katika mahema. Katika mahema ndimo mlimotoka unga, maziwa, habari, nguo na vijana. Mwanamke aliyekuwa akisaga shayiri usiku ndiye aliyekuwa akiendesha vita vile. Kwa hivyo Graziani akaacha kuwafukuza wapiganaji, akawageukia wake zao, mama zao na watoto wao.

Kwanza zilifungwa zawiya, mali zao za wakfu zikatwaliwa na serikali, na masheikh wao wakapelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Ustica. Yaani chuo, msikiti na mahali pa kumlisha msafiri viliondoshwa kwa amri moja. Kisha, kuanzia katikati ya mwaka 1930, watu wa mlimani na wa nyika za jirani, wapatao 100,000, waliswagwa pamoja na mifugo yao hadi kwenye kambi zilizojengwa katika nchi kavu kando ya Ghuba ya Sirte na kusini mwa Benghazi: El Agheila, Brega, Magrun, Soluch na nyinginezo. Wengine walitembezwa kwa miguu mamia ya kilomita, na aliyeshindwa kwenda hakungojwa. Kambi zilizungushwa seng'enge. Mpaka wa Misri nao ukafungwa kwa ukuta wa seng'enge wa karibu kilomita 300, kutoka baharini hadi Jaghbub, ili chakula na silaha visipite.

Ndani ya kambi hakukuwa na malisho, na wafugaji wasio na malisho ni watu wasio na chakula. Mifugo ilikufa karibu yote. Kisha wakaanza kufa watu, kwa njaa, homa ya matumbo na majonzi. Hesabu za wanahistoria hazilingani, lakini hata iliyo ndogo miongoni mwao ni makumi ya maelfu. Wengi wao walikuwa watoto na wazee. Kambi zilifunguliwa miaka michache baadaye, vita vilipokwisha, na waliotoka walirudi kwenye milima isiyo na ng'ombe wala ngamia.

Wazee wa Libya waliookoka waliipa miaka ile jina moja. Waliiita *shar*. Ni neno lilelile alilolitumia mama aliyetuuliza kama ni kheri au shari, kwa kuwa Kiswahili chetu kimelipokea kutoka katika Kiarabu likiwa na maana ileile. Mtafiti wa Kilibya Ali Abdullatif Ahmida alitumia miaka mingi akizunguka kwa waliobaki, wanaume kwa wanawake, akirekodi walichokikumbuka, maana nyaraka za dola iliyotenda zilisema machache. Na ndani ya kambi ya El Agheila kwenyewe, mshairi Rajab Buhwaish al-Minifi alitunga kasida ndefu juu ya mateso yale, na watu wakaihifadhi vifuani. Watu wa mwambao hatuhitaji kuelezwa hilo. Twajua kwamba mahali ambapo kalamu haifiki, shairi hufika.

Kesi ya saa chache

Mukhtar alikamatwa tarehe 11 Septemba 1931 karibu na Slonta, baada ya farasi wake kupigwa risasi. Alipelekwa Benghazi. Jioni ya tarehe 15 akasimamishwa mbele ya mahakama maalumu, kesi ikasikizwa na kuamuliwa hapohapo, na asubuhi ya tarehe 16 akanyongwa. Badoglio alikuwa ameshaandika, kabla ya kesi kuanza, kwamba ifanyike kesi na hukumu iwe ya kifo.

Katika kesi hiyo kuna mtu mmoja ambaye twapenda watoto wetu wamjue. Ni Kapteni Roberto Lontano, afisa wa jeshi la Italia aliyepewa kazi ya kumtetea mzee. Alitarajiwa atimize desturi tu, aketi. Badala yake alisimama akatoa hoja kwamba mtu huyu hakuwahi kuitii serikali ya Italia, basi vipi ataitwa mwasi? Ni adui aliyetekwa vitani, na ahukumiwe kama mateka wa vita. Hoja haikusikizwa, na afisa mwenyewe aliadhibiwa na wakubwa wake kwa kutetea kwa dhati kupita walivyotaka.

Twamtaja mtu huyu kwa kuwa Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Maida tusiache chuki ya watu fulani itutoe katika uadilifu. Hapa pwani tunao majirani Waitaliano, hasa ndugu zetu wa Malindi. Mji huohuo ulidondoshewa mabomu na ndege za dola ileile ya Mussolini mwezi Oktoba 1940. Wala haifai kumtazama Mtaliano anayeuza aiskrimu au anayezeeka kimya Malindi ukamhesabia damu ya Soluch. Dhambi ya Graziani ni ya Graziani. Na vilevile tusijifanye kwamba mikono yote ya upande ule ilikuwa ya Wazungu: miongoni mwa askari waliotumwa kuwasaka Walibya walikuwamo wengi kutoka Eritrea, Waafrika kama sisi, na miaka michache baadaye vijana wa Libya nao waliingizwa jeshini wakapelekwa kuwapiga Wahabeshi. Dhulma haina kabila. Humwajiri huyu leo, na yule kesho.

Neno moja, maana mbili

Sasa lile jina la siku yenyewe. Kwa Kiarabu, *shahiid* ni aliyeuawa katika njia ya haki, na *shaahid* ni aliyeona jambo akalitolea habari. Kiswahili chetu kimeyaweka yote mawili katika neno moja, shahidi. Pengine wazee wetu waliona kitu.

Graziani aliwaleta watu 20,000 Soluch ili waogope. Alitaka waone mwisho wa mtu wao, warudi kwenye mahema yao na vichwa chini. Lakini kwa kuwaleta pale aliwafanya mashahidi. Mwanamke aliyemshika mwanawe mkono siku ile, akimfumba macho au asimfumbe, ndiye aliyemhadithia mjukuu wake, na mjukuu akamhadithia mtafiti mwenye kinasasauti. Kitanzi kilimpata shahidi mmoja, uwanja ukapata maelfu. Ndiyo maana twasema kwamba sikukuu hii ya Libya, ingawa imefungwa kwenye tarehe ya mtu mmoja, mwenyewe wa haki ni ule umma uliosimama mchana wa siku ile, wengi wao wakiwa ni familia zilizodhoofika kwa njaa.

Wakubwa wa Libya waliokuja baadaye wote walimtaka mzee huyu awe wao. Nchi ilipopata uhuru tarehe 24 Desemba 1951, mfalme wake alikuwa ni yuleyule Sayyid Idris, naye akamheshimu. Gaddafi alipompindua mfalme, naye akamtukuza Mukhtar: akaiweka sura yake katika noti ya dinari 10, na mwaka 2009 alishuka Roma akiwa ameibandika kifuani picha ya mzee akiwa katika minyororo, akifuatana na mwana wa Mukhtar aliyekuwa mzee sana wakati huo. Mwaka mmoja kabla, Italia ilikuwa imetia saini mkataba wa kuilipa Libya dola bilioni 5 kwa miradi, kama fidia ya zama za ukoloni. Kisha mwaka 2011 waliompindua Gaddafi nao waliinua picha ileile. Baada ya hapo tarehe 16 Septemba ikawekwa kuwa Siku ya Mashahidi, kuwakumbuka waliouawa na Waitaliano pamoja na waliouawa katika mapinduzi hayo.

Na bado, usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023, siku tano tu kabla ya sikukuu hiyo, mabwawa mawili juu ya mji wa Derna, katika nchi ileile ya Mukhtar, yalipasuka kwa mvua kubwa na kuwazoa maelfu ya watu hadi baharini. Mabwawa yalikuwa na nyufa zilizojulikana, na nchi ilikuwa na serikali mbili zinazogombana. Zote mbili zilimsifu Omar al-Mukhtar. Twasema haya kwa huzuni, si kwa kejeli. Kumsifu aliyekufa ni rahisi kuliko kumlinda aliye hai, na sikukuu yoyote ya mashujaa, iwe ya kwao au ya kwetu, hupimwa kwa hilo.

Tumwambie nini kijana

Twarudi kwa yule mama na swali lake. Akimkuta mwanawe anaitazama picha ya Mukhtar, asiipokonye simu. Akae naye amwambie mambo manne.

La kwanza, maneno mengi yanayoandikwa chini ya picha hiyo yanatoka katika filamu ya mwaka 1981 iliyotengenezwa na marehemu Moustapha Akkad, ambamo mwigizaji Anthony Quinn alimwigiza mzee. Ni filamu nzuri, na Italia iliizuia isionyeshwe kwa miaka mingi. Lakini maneno ya mwandishi wa filamu si maneno ya Mukhtar, na sisi tumeamrishwa katika Suratul Hujurat kuhakikisha habari kabla ya kuitenda. Kijana anayeambiwa "shujaa alisema hivi, basi nawe fanya hivi" na aulize kwanza: alisema wapi, na nani alimsikia?

La pili, Mukhtar alipigana katika ardhi ya kwao na majeshi ya dola iliyoivamia. Hakuvuka mipaka kwenda kuua watu sokoni, wala katika basi, wala chuoni. Atakayemtumia mzee huyu kumhalalishia kijana wa Kenya kumuua msafiri, mwanafunzi au mwuza mboga, amemnyonga Mukhtar mara ya pili.

La tatu, hakujipa amri mwenyewe. Alikuwa chini ya viongozi wanaojulikana kwa majina na nasaba zao, akishauriana na wazee wa makabila mchana kweupe. Anayemwita kijana kwa siri, akimkataza asimwambie mama yake, huyo hafanani na Mukhtar hata kwa unywele mmoja.

La nne, mzee huyo alisomesha watoto na kusuluhisha watu kwa muda mrefu kabla hajaongoza vita dhidi ya Waitaliano, na ndani ya vita vyenyewe alikubali kuketi kwa sulhu. Kijana anayetaka kumfuata na aanze alipoanza yeye. Achukue juzuu moja aihifadhi. Amsomeshe mtoto wa jirani alifu na be. Awapatanishe wenzake wawili waliogombana kwa ajili ya mpira. Akimaliza hayo, na atuambie kama amebaki na nafasi ya mengine.

Nyumbani kwetu

Mwezi ujao, tarehe 20 Oktoba, nasi Kenya tutakuwa na Siku ya Mashujaa. Wakubwa miongoni mwetu wakumbuka kwamba siku hiyo iliitwa Siku ya Kenyatta, ikitukumbusha kukamatwa kwake na wenzake mwaka 1952, hadi katiba ya mwaka 2010 ilipoibadilisha ikawa ya mashujaa wote. Twaona badiliko hilo lilikuwa la haki, kwa sababu ile ile tuliyoieleza juu ya Soluch. Nchi hii nayo ilizungushiwa seng'enge. Katika miaka ya hali ya hatari, kuanzia 1952, wanawake na watoto wa Kikuyu waliingizwa katika vijiji vya kulindwa na askari, ili wapiganaji wa msituni wakose chakula. Fikira ya Graziani haikuwa yake peke yake. Dedan Kimathi alinyongwa mwaka 1957, na kaburi lake halikuonyeshwa jamaa zake. Na huku kwetu pwani, Mekatilili wa Menza alisimama mbele ya Wagiriama mwaka 1913 kupinga kodi na kazi ya kulazimishwa, akakamatwa akapelekwa mbali na kwao. Hata hivyo, vijana wetu wangapi waweza kusimulia habari zake kwa dakika tano?

Basi twazipa nyumba zetu kazi moja kabla ya tarehe hiyo. Kila nyumba ina nyanya, shangazi au mama mkubwa aliyeyaona mambo au aliyeyasikia kwa waliyoyaona. Mtoto mmoja na aketi naye baada ya Isha, amwulize: ni nani aliyekusomesha Qur'ani? Shamba letu lilikuwa wapi, na lilitutoka vipi? Ni nani katika ukoo wetu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Wazungu, na je, alirudi? Bibi akijibu, mtoto na aandike katika daftari, pamoja na jina lake yeye bibi, maana naye ni shahidi. Asitie chumvi. Palipo na shaka aandike kwamba pana shaka. Daftari hilo liwekwe pamoja na hati za nyumba, si pamoja na vitabu vya skuli vinavyouzwa mwisho wa mwaka.

Wanawake wa Soluch hawakuwa na daftari. Walikuwa na ndimi zao tu, na kwa ndimi hizo waliyahifadhi yale ambayo dola nzima ilitaka yasahaulike. Sisi tulio na kalamu, na umeme, na watoto wanaojua kuandika, hatuna udhuru.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika kambi za Barqa, wanaojulikana na wasiojulikana, awarehemu waliozolewa na maji ya Derna, awarudishe vijana wetu waliopotezwa katika njia iliyonyooka, awatie subira mama wanaowangoja, na azijaalie nyumba zetu ziwe za kumfungulia yatima mlango. Amin, yaa Rabbal aalamin.